Simu ya Bure ya Injinia Ouko

Habari yenyewe ilikuja kwenye gazeti, imefungiwa mandazi. Githongo aliikunjua juu ya meza, akapangusa mafuta kwa kiganja, akasoma kwa ile sauti yake ya bungeni.

"Waya wa intaneti kufika Mombasa mwaka ujao. Utapitishwa chini ya bahari."

"Chini ya bahari?" akauliza Mbeke, sufuria ya chai mkononi. "Si itapiga samaki shoti?"

"Hiyo waya haibebi stima, Mbeke. Inabeba maneno. Wewe ukisema hapa, mtu wa Ulaya anasikia."

"Mimi nikisema hapa toa miguu kwa meza, hata wewe husikii."

Githongo akatoa miguu. Ilikuwa mwaka wa 2008, saa kumi jioni, kwenye kibanda cha Mbeke hapa Noonkopir, Kitengela. Mimi ni Muthama, wananiita Soli kwa sababu nashona viatu pembeni mwa kibanda hicho, na mtu yeyote akija hapa namjua kutoka chini kwenda juu. Mara nyingi nikifika magotini nimeshachoka naye. Githongo tunamwita Hansadi, kama lile buku la kumbukumbu za bunge. Aliwahi kuwa karani wa kuandika mikutano ya baraza, na tangu astaafu hajaacha kuandika. Ana daftari la mistari, kalamu mbili, na ugonjwa wa kusoma tena yale uliyosema wiki jana wakati umeshabadilisha maoni.

"Hiyo waya ni ya nyinyi mmebaki nyuma," sauti ikasema.

Ouko huyo. Alikuwa ametoka kwenye geti lake lililo ng'ambo ya ukuta, na kiunoni amening'iniza simu kama askari na bastola. Si simu ya mkononi kama zetu. Ilikuwa nene, nyeusi, ina kioo kidogo na antena fupi kichwani. Wiki tatu alikuwa akitembea nayo, na wiki tatu tulikuwa tumekubaliana kimyakimya tusimuulize. Siku hiyo Mbeke akasahau.

"Injinia, hiyo nayo ni nini?"

"Asante kwa kuuliza," akasema Ouko, akakalia benchi kabla hajakaribishwa. "Hii ni simu ya intaneti. Haina waya. Kasin yangu ameniletea kutoka Atlanta. Napiga Amerika nikiwa bafuni, nikiwa jikoni, nikiwa hapa kwako nakunywa chai."

"Haina waya?" nikamuuliza. "Na ile imetoka kwa dirisha yako ikapanda kwa paa?"

"Hiyo ni ya antena."

"Na kutoka kwa antena?"

"Inaingia kwa modemu."

"Na kutoka kwa modemu?"

"Inaenda kwa kompyuta. Halafu kutoka kompyuta inaenda kwa kile kikalio cha simu."

"Kwa hivyo waya zote zimebaki na Naliaka, wewe umetoka na simu."

Githongo akaandika hiyo. Naliaka ni mke wa Ouko, na sote tulijua kwamba siku hizi akifagia sebule huruka kama mwanariadha.

"Cheka tu," akasema Ouko. "Lakini kupiga ni bure."

"Bure kabisa?" akauliza Mbeke.

"Hulipi hata ndururu."

"Isipokuwa kompyuta," akasema Githongo.

"Isipokuwa kompyuta."

"Na modemu."

"Na modemu."

"Na intaneti ya kila mwezi. Na stabilaiza, juu stima ya huku inakuja ikitetemeka."

"Na hizo. Lakini ukishalipa hizo zote," akasema Ouko, kidole juu, "inakuwa bure."

"Na tangu upate umeongea na nani?" nikauliza.

"Na kasin yangu."

"Mnaongea nini?"

Ouko akajikuna shingo. "Kama simu inafanya kazi."

Mbeke alilazimika kuweka sufuria chini. Ouko hakucheka. Alituambia sisi ni watu wa kuitana kwa filimbi, kwamba simu hiyo haikawii hata kidogo, unauliza na kujibiwa papo hapo kama mtu yuko hapo jirani Isinya, na kwamba siku moja tutakuja kwake tukiomba. Ubaya wa mambo ni kwamba siku yenyewe ilikuwa hiyohiyo.

Pikapu ilisimama mbele ya duka la hadiwea. Akashuka Kinyanjui, dalali wa ploti, jina la kijiweni Bikoni, kama yale mawe ya mpaka. Nimeshona viatu vyake mara nyingi na sijawahi kuvipata bila udongo wa shamba la mtu mwingine. Nyuma yake akashuka mzee Sironka, shuka begani na fimbo mkononi.

Jina la Sironka linahitaji kuelezwa. Nilipohamia Kitengela tulimwita Sitini, kwa sababu alikuwa na ekari sitini. Akauza za upande wa barabara, tukamwita Arobaini. Akauza za mtoni, akawa Ishirini. Siku hiyo alikuwa Sita, na aliitikia jina hilo bila kinyongo. Sisi tulicheka kila liliposhuka, nami nikiwemo, na sijivunii.

"Mbeke, watu wote chai," akasema Kinyanjui. "Na mandazi."

Githongo akafunua ukurasa mpya. "Bikoni akinunua chai, kuna mtu anahama."

"Hakuna mtu anahama. Mzee anataka kupumzika tu. Kesho bodi ya ardhi inakaa Kajiado kupitisha mauzo. Makaratasi iko sawa. Ni bibi yake tu ndio amekataa kuweka kidole."

"Nashipae hajakataa," akasema Sironka polepole. "Amesema nimuulize Allan. Mtoto akisema ndio, yeye ataweka kidole. Mtoto akisema hapana, nisimuulize tena mpaka nikufe."

"Ni hizo sita?" akauliza Mbeke.

"Ni hizo."

"Na boma iko wapi?"

"Ndani ya hizo."

Mbeke alimmiminia mzee chai akampa kikombe kizima, si kile chenye ufa.

"Na mkitoka hapo mtaenda wapi?" nikauliza.

"Nimempatia ploti ya futi hamsini kwa mia, huko nyuma," akajibu Kinyanjui. "Safi. Iko na bikoni nne."

"Na ng'ombe zitalala wapi? Kwa bikoni?"

"Soli, wewe shona viatu. Injinia, nimekuja kwako rasmi. Tunataka kupiga Minesota. Kijana Allan nimemwandikia imeli kwa saiba jana, anatungoja. Kwao saa hii ni asubuhi, ametoka kazi."

Mngemwona Ouko. Alinyoosha mgongo, akafuta kioo cha simu kwa tai. Tai yenyewe sijui alikuwa ameivalia nini siku ya Jumatano.

"Bikoni," nikasema, "si uweke kredi kwa simu yako upige?"

"Nichome kredi yangu ya nini, na Injinia ako na ya bure?"

"Mtu ananunua ekari sita na anaogopa dakika sita!"

Kinyanjui alikuwa akitupanga kama mpiga picha wa harusi. "Mzee, utaongea Kiswahili, si Kimaasai, ndio hawa wote wasikie. Injinia, weka spika. Hansadi, andika kila kitu. Kesho nikiulizwa kama mtoto amekubali, niko na mashahidi wanne."

Sasa, simu hiyo isiyo na waya ilikuwa na sheria zake. Kutoka nyumbani kwa Ouko hadi hapa kulikuwa na ukuta wa mawe, na mahali pamoja tu ndipo iliposhika. Ilibidi usimame juu ya kreti ya soda, chini ya mabati ya Mbeke, karibu na misumari yangu. Tukampandisha Sironka kwenye kreti kama mtu anayegombea udiwani.

"Naliaka!" Ouko akapaza sauti kuelekea ukutani. "Bonyeza!"

"Nibonyeze wapi?" sauti ikatoka ndani.

"Pale nilikuonyesha!"

"Ulinionyesha mahali tatu!"

"Ya kijani! Na ukae hapo hapo, usitoke kwa kompyuta!"

Simu ikalia, ikakoroma, na sauti ya kijana ikatoka kwenye spika, mbali lakini ni yake. "Halo? Baba?"

Mzee Sironka hakuiweka sikioni. Aliishika mbele ya kifua, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha simu, polepole. Mtoto wa Kimaasai akimsalimia mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa huweka mkono hapo. Simu ikalia kwi, ikanyamaza.

"Mzee, toa mkono!" Ouko akaruka. "Hapo ndio antena!"

"Ni mtoto wangu."

"Najua, mzee, lakini ukifunika hapo inakata."

"Miaka nne sijamshika kichwa," akasema Sironka.

Naliaka akaambiwa abonyeze tena, na mzee akapewa simu tena, safari hii akiishika kwa chini kama mtu anayeshika yai.

"Sopa, Allan," akasalimia kwa Kimaasai. Kimya. "Sopa!" akarudia kwa nguvu.

"Ipa," ikajibu simu. Halafu tena, "Ipa!"

"Amejibu mara mbili," akasema Githongo akiandika.

"Ni adabu," akasema Ouko upesi.

"Umekula?" akauliza Sironka.

Kimya. Ijulikane kwamba mzee Sironka hapendi kimya. Kwao salamu ni maswali mengi yanayofuatana, na ukinyamaza atadhani ng'ombe wamekufa. Akaendelea.

"Kazi inaendelea aje?"

"Nimekula, baba," ikasema simu. "Mkate na mayai."

"Anafanya hoteli," Kinyanjui akatueleza.

"Sawa. Na bibi, umepata?" mzee akauliza.

"Iko tu, baba. Ni ya usiku, inachosha mgongo, lakini nimezoea."

Nyundo iliniponyoka. Mbeke alijifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka. Githongo aliandika, akaisoma, akatazama mbinguni. Mzee akasimama kwenye kreti na uso uliokunjamana.

"Ya usiku?" akamuuliza Ouko kwa sauti ya chini.

"Vijana wa huko wako tofauti, mzee," akasema Ouko, jasho likimtoka. "Maisha ya huko ni ya mbio."

"Muulize kama anakusikia vizuri," Kinyanjui akahimiza, "halafu uingie kwa maneno. Intaneti ni ya watu."

"Allan, unanisikia vizuri?"

"Hapana baba, bado. Nani atanitaka na hii baridi?"

"Anasema hasikii," akasema Kinyanjui. "Ongea kwa nguvu, mzee. Uliza tu."

Sironka akavuta pumzi. Niliona miguu yake juu ya kreti, ndani ya zile akala za tairi, vidole vimekunjwa kuishika kreti.

"Sikia, mtoto. Ile shamba ya nyumbani, yenye mama yako ako, Kinyanjui anaitaka. Yote. Bodi ni kesho. Niuze?"

Na bila hata kupita sekunde, simu ikasema, wazi kabisa, "Ndio, baba! Vizuri sana. Endelea tu."

"Ndio!" Kinyanjui akaruka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Vizuri sana! Endelea tu! Mmesikia wote! Leta hiyo simu nimshukuru kijana mwenyewe." Akaipokonya mkononi mwa mzee, akaanza kutembea nayo kuelekea kwenye pikapu akisema halo Allan, halo kijana. Hakufika hatua ya sita. Simu ikapiga kelele tatu ikazima kioo.

"Umetoka nje ya netiwaki!" Ouko akalia.

"Haidhuru. Yenye nilitaka nimepata. Hansadi, soma."

Githongo hakusoma. Alikuwa ameinamia daftari, kalamu imesimama.

"Kuna kitu hapa haikai," akasema. "Sikizeni. Swali, kazi inaendelea aje. Jibu, nimekula mkate na mayai."

"Hoteli, nimewaambia."

"Swali, umepata bibi. Jibu, ni ya usiku, inachosha mgongo. Swali, unanisikia. Jibu, bado, nani atanitaka na hii baridi." Akageuza kalamu. "Sasa nikichukua kila jibu nilisukume mstari moja juu. Umekula? Mkate na mayai. Kazi? Ni ya usiku, inachosha mgongo. Umepata bibi? Bado, nani atanitaka na hii baridi. Unanisikia vizuri?" Akagonga mstari wa mwisho kwa kalamu. "Ndio baba, vizuri sana, endelea tu."

"Kwa hivyo ya kuuza haijajibiwa," akasema Mbeke.

"Jibu yake ilikuwa njiani. Bikoni ndio ametembea nayo."

"Hayo ni mambo ya daftari!" Kinyanjui akafoka. "Sisi tulisikia na masikio. Niuze, ndio. Lakini sitaki vita. Mwenye simu ako hapa. Injinia, wewe ndio mtaalamu. Hii simu yako inachelewa?"

Tukamgeukia Ouko wote. Mzee Sironka naye alimtazama, bado yuko juu ya kreti, mikono mitupu. Ouko alimnyang'anya Kinyanjui simu, akaiangalia, akaining'iniza kiunoni. Aliangalia ile antena yake juu ya paa, iliyofungwa kwenye bomba la maji, ambayo mtaa mzima ulikuwa unaiona. Neno moja tu lilitakiwa.

"Simu haina shida," akasema Ouko. "Ni kama mtu ako Isinya."

Nilitamani kumpiga na kiatu, na nilikuwa navyo kumi na viwili. Boma la watu linaondoka kwa sababu mtu mzima anaogopa kuchekwa! Nilimwambia hivyo. Akasema mimi sielewi teknolojia. Nikamwambia teknolojia ni yake, lakini aibu tunaielewa sote.

Hapo ndipo geti likafunguliwa kwa kishindo. Naliaka akatoka na aproni, slipa moja mguuni, nyingine nadhani imenaswa kwenye waya.

"Ni nani amemwacha kijana ya watu akiongea peke yake?"

"Simu ilizima," akasema Ouko.

"Yenu ndio ilizima! Kwa kompyuta alikuwa bado anaongea, sauti imerudi kwa spika za kwangu. Amesema hapana. Mara tatu. 'Hapana baba. Hiyo usiuze. Nikitoka huku nitarudi wapi?' Halafu anaita baba, baba, na mimi sijui nibonyeze wapi nimjibu, mpaka intaneti ikakatika." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mlikuwa wapi?"

"Mama, nakuheshimu," akasema Kinyanjui, "lakini wewe hukuwa kwa mashahidi."

"Mimi ndio nilibonyeza!"

"Kubonyeza si kushuhudia. Hawa ndio walikuwa kwa kikao, na mwenye simu amesema simu haina shida."

Kelele ikaanza. Githongo akinukuu kanuni za mikutano ya baraza ambalo halikumnunulia hata kiti, Mbeke akimwambia Kinyanjui ateme chai yake, Naliaka akimuuliza mumewe kwa Kibukusu maneno ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa.

"Nyamazeni," akasema Sironka.

Alishuka kwenye kreti akitegemea bega langu.

"Mimi nilijua," akasema. "Allan ukimuuliza kitu kubwa hajibu haraka. Hata akiwa mdogo, ukimuuliza ndama amepotea wapi, anaangalia chini kwanza. Hiyo ndio ilikuja mbio sana. Nilijua si ya hiyo swali."

"Na mbona hukusema, mzee?" nikamuuliza.

"Nilitaka iwe ya hiyo swali." Akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea ukuta. "Zile zingine zote niliuza mimi. Kila mtu anajua ni mimi. Hii nilitaka mtu mwingine aseme ndio, nikilala niseme ni yeye."

Akajifunga shuka, akaanza kwenda zake, si kwa upande wa pikapu. Sijui wenzangu, lakini mimi nilikumbuka kila mara nilipocheka jina lake likishuka, nikajiona mjinga.

Kinyanjui alikuwa ameshaingia kwenye pikapu na kuwasha injini. Akatoa kichwa dirishani.

"Mzee! Kesho asubuhi nikupitie twende Kajiado?"

Sironka hakugeuka. Alipita hadiwea.

"Sita!" Mbeke akaita. "Hukumaliza chai. Nikuongezee?"

Alipita kinyozi. Alipita rundo la kokoto. Hapo akasimama, akageuka nusu, na sauti yake ikatufikia.

"Hapana."

Halafu akaendelea.

"Hiyo ni ya chai!" akasema Kinyanjui kutoka dirishani. "Mmesikia, ameulizwa chai akasema hapana. Yangu hajajibu. Kesho saa moja niko kwake."

Githongo alikuwa ameandika maswali yote mawili, moja chini ya lingine. Kalamu ikaelea juu ya karatasi. "Watu wangu, hii hapana niandike wapi?"

Ouko akatoa simu kiunoni, akaitazama kama mtu anayeagana, akailaza mezani katikati ya mandazi.

"Andika kwa swali ya juu," akasema.

"Kwa nini ya juu?" Kinyanjui akabweka.

"Juu ndio vile inafanyanga. Wiki tatu naongea na kasin yangu, kila jibu inaingia kwa swali ya juu." Akavuta kikombe cha mzee akanywa chai iliyobaki. "Inachelewa, Bikoni. Inachelewa vibaya sana. Andika, Hansadi, na uandike ni mimi nimesema."

Hansadi akaandika. Mpaka wa leo mzee Sironka bado tunamwita Sita.